Mzizi Mmoja katika Lugha za Kisemiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni ya wasomaji wa Kiswahili ambao wamewahi kusikia "shalom" ya Kiebrania, wakaikumbuka "salamu" yetu, wakahisi kwamba kuna undugu lakini wakakosa wa kuwaonyesha undugu huo unapitia wapi. Mfano utakaorudiwa zaidi ni mzizi s-l-m, kwa sababu umeenea karibu kote na matawi yake yamefika hadi kwenye kaunta za maduka yetu. Maneno ya lugha nyingine yameandikwa kwa herufi zetu za kawaida, bila alama za kitaalamu.

Mzizi wa Kisemiti ni nini hasa?

Ni kundi la konsonanti, aghalabu tatu, linalobeba wazo fulani, huku irabu na viambishi vikiamua kama wazo hilo litakuwa kitenzi, nomino au sifa. Katika Kiarabu konsonanti k-t-b zinabeba wazo la kuandika: kataba ni "aliandika", katib ni mwandishi, kitab ni kitabu, maktab ni mahali pa kuandikia, yaani ofisi, na maktub ni kilichoandikwa. Konsonanti hazibadilishi mpangilio wake. Kinachobadilika ni irabu zinazoingia kati yake na vipande vinavyopachikwa mbele au nyuma. Mzizi peke yake hautamkiki, wala hakuna Mwarabu anayeutumia ukiwa mtupu. Ni mataruma ya jahazi: yanaamua umbo la chombo, lakini hakuna anayesafiri juu ya mataruma.

Lugha za Kisemiti ni zipi?

Upande wa mashariki kulikuwa na Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru iliyoandikwa juu ya mabamba ya udongo, pamoja na lugha ya mji wa Ebla nchini Syria. Upande wa magharibi kuna Kiebrania, Kifoinike, Kiaramu, Kiugariti na Kiarabu, na Kimalta ambacho ni chipukizi la Kiarabu. Ethiopia na Eritrea zina Kigeezi cha kanisani, Kiamhara, Kitigrinya na Kitigre. Yemen na Oman zina Kimehri, Kisokotri na Kijibali, lugha ambazo wengi hudhani ni lahaja za Kiarabu ilhali ni tawi linalojitegemea. Jina "Kisemiti" lilipendekezwa mwaka 1781 na August Ludwig von Schlözer, msomi Mjerumani, akilitoa kwa Shemu mwana wa Nuhu. Ni lebo ya wanaisimu tu, na haina ushahidi wowote kuhusu nasaba ya watu.

Mzizi s-l-m umeenea mpaka wapi, na maana yake ya asili ilikuwa nini?

Maana inayoonekana kuwa ya msingi ni "kuwa kamili, kuwa mzima, bila upungufu". Amani ilikuja baadaye, ikiwa ni hali ya mtu au mji ambao haujapungukiwa kitu.

Katika Kiakadi, shalamu ni kuwa mzima au salama, na shulmu ni uzima, afya, na pia salamu. Barua za maofisa wa Ashuru kwa mfalme wao hufunguliwa kwa maneno lu shulmu ana sharri beliya, "uzima uwe kwa mfalme bwana wangu". Anayeyasoma hayo huku akikumbuka barua tulizofundishwa kuandika shuleni, zile zinazoanza na salamu nyingi na kuulizia afya ya mwandikiwa kabla ya jambo lenyewe, ataona kwamba adabu hiyo ni ya kale kuliko tunavyodhani. Kule Ugariti, katika pwani ya Syria, barua za miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita zilibeba dua ya kwamba miungu imlinde mwandikiwa na kumweka salama, na kitenzi cha "kumweka salama" kina konsonanti zizo hizo: sh-l-m.

Kiebrania kina shalom, amani na salamu, na shalem, kamili. Kiaramu kina shlama, ambayo hadi leo ni salamu ya Wakristo wengi wa Iraki na Syria. Kiarabu kina salam, salim, islam na muslim; Kigeezi na Kiamhara vina selam; Kimalta kina sliem. Hata majina ya watu yamo humu: Sulemani, Absalomu, Salome, Salimu, Selemani, na mfalme wa Ashuru ambaye Biblia humwita Shalmaneza. Yerusalemu nayo imetajwa kwa umbo la Urusalim katika barua za Amarna za karne ya 14 KK, zilizopatikana Misri mwaka 1887, na wataalamu wengi wanaona sehemu ya pili ya jina hilo ni Shalim, mungu wa machweo wa Wakanaani.

Tawi linalonivutia kuliko yote ni la malipo. Mwenye duka anapoandika kwamba anapokea "taslimu" tu, anatumia neno la Kiarabu taslim, yaani kukabidhi. Katika Kiebrania malipo huitwa tashlum, na kulipa ni leshalem. Kiakadi nacho kilitumia kitenzi cha mzizi huohuo, shullumu, kwa maana ya kurejesha deni lote. Njia ya maana ni nyoofu: deni ni upungufu, na anayelipa analifanya jambo kuwa kamili tena. Taslimu na tashlum zina mzizi mmoja, kiambishi cha mbele kilekile na karibu umbo lilelile, ingawa hakuna upande uliokopa kwa mwenzake.

Kwetu sisi mzizi huu ulipita mlango wa Kiarabu, nao ulileta mizigo mingi: salama, salamu, salimia, usalama, silimu, Uislamu, kusalimu amri, na jina la Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860.

Kwa nini Mwarabu husema "salam" na Mwebrania "shalom"? Nani aliyekosea?

Hakuna aliyekosea. Lugha mama iliyozaa hizi zote, ambayo haikuandikwa na inajengwa upya kwa kulinganisha watoto wake, ilikuwa na sauti ambayo katika Kiarabu na Kigeezi iliishia kuwa s, na katika Kiebrania, Kiaramu na Kiakadi iliishia kuwa sh. Badiliko hilo halikuchagua maneno. Ndiyo maana nafsi yetu, kutoka Kiarabu nafs, inakutana na nefesh ya Kiebrania. Samawati zetu zinakutana na shamayim, mbingu. Na kitenzi cha kusikia, ambacho kwa Kiarabu ni sami'a, kwa Kiebrania ni shama.

Ajabu ni kwamba njia hizi hupishana. Mahali pengine ni Kiarabu chenye sh na Kiebrania chenye s: ishirini yetu ni ishrin ya Kiarabu, lakini Mwebrania husema esrim. Anayeamini kwamba Waebrania "hupenda sh" atakwama hapa. Maelezo ni kwamba lugha mama ilikuwa na sauti nyingine, iliyotamkwa kwa kupitisha pumzi pembeni mwa ulimi, na Kiarabu kiliigeuza kuwa sh ilhali Kiebrania kiliigeuza kuwa s. Sauti hiyo haijafa: Wamehri, Wasokotri na wasemaji wa Kijibali wa milima ya Dhofar, nchini Oman, wanaitamka mpaka leo. Mswahili anayeishi Muscat yuko nchi moja na watu wanaotumia kila siku sauti ambayo Kiarabu kiliipoteza, na huenda hajawahi kuisikia.

Je, kuna mfano ambao msemaji wa Kiswahili anaweza kuupima kwa sikio lake?

Upo, nao ni mzuri kuliko ile ya vitabuni. Kiarabu kilihifadhi sauti mbili za kale, th na dh, ambazo Kiebrania hakikuzihifadhi. Kiebrania kiligeuza dh kuwa z, na Kiaramu kikaigeuza kuwa d. Kwa hiyo dhahabu, kwa Kiarabu dhahab, ni zahav kwa Kiebrania na dahba kwa Kiaramu. Sikio kwa Kiarabu ni udhun, kwa Kiebrania ozen, kwa Kiaramu udna, kwa Kiakadi uznu, kwa Kigeezi ezn. Na kutokana na mzizi huo wa sikio tukapata adhana, kwa kuwa mwadhini hupeleka wito kwenye masikio ya watu.

Sasa msikilize mtu wa bara ambaye lugha yake ya kwanza haina dh. Atasema "zahabu", "zambi" na "azana". Bila kukusudia, amefanya kilekile kilichofanywa na Kiebrania miaka elfu kadhaa iliyopita, na kwa sababu inayofanana: sauti ya ulimi kati ya meno ni ngumu kudumu, na jirani yake wa karibu ni z. Vivyo hivyo kwa th. Nane kwa Kiarabu ni thamaniya, kwa Kiebrania shmone, kwa Kiaramu tmanya, kwa Kigeezi samani. Kwetu zipo thumuni na themanini, lakini ile sarafu ya senti hamsini wazee waliiita sumuni, kwa s, kama ilivyotokea katika Kigeezi.

Jambo la kuangalia ni utaratibu wake. Anayesema "zahabu" hasemi "zahabu" leo na "gahabu" kesho. Atageuza kila dh kuwa z, na ndiyo sababu unaweza kukisia atakavyotamka neno ambalo hujawahi kumsikia akilitamka. Isimu linganishi yote imesimama juu ya utaratibu wa namna hiyo.

Je, mzizi k-t-b, ule wa kitabu, upo katika lugha zote za Kisemiti?

Hapana, na wengi hushangaa. Unapatikana katika Kiarabu, Kiebrania, Kiaramu na Kifoinike. Mwakadi alipoandika alitumia shataru, na Mhabeshi wa Aksum ya kale, msemaji wa Kigeezi, alitumia sahafa. Kuandika ni ufundi uliokuja baada ya lugha mama kugawanyika, hivyo kila upande ulijitafutia neno.

Kinachofurahisha ni kwamba mizizi yote mitatu ilifika Kiswahili. Kutoka k-t-b tuna kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba. Kutoka s-t-r, ambao ni ndugu wa shataru ya Kiakadi, Kiarabu kina satr, yaani mstari, na mistara ya kupigia mistari, nasi tukapata mstari. Kutoka s-h-f tuna msahafu, kwa Kiarabu mus-haf, neno ambalo wataalamu wengi wanaona Waarabu walilipokea kutoka Ethiopia. Mwethiopia hadi leo huita kitabu chochote mets'haf. Kwa hiyo mtu anayefungua msahafu na kufuata mstari kwa kidole, kisha akaurudisha kwenye kabati la vitabu, amegusa njia tatu tofauti za Wasemiti za kusema "andika".

Tahadhari moja: katiba yetu haitaeleweka na Mwarabu kama tunavyoielewa. Kwake katiba ni kikosi cha askari, na sheria mama huiita dustur.

Kama mzizi ni mmoja, kwa nini maana hutofautiana?

Kwa sababu maana husafiri. Mfano mashuhuri ni l-h-m: Kiebrania lehem ni mkate, Kiarabu lahm ni nyama. Maana ya kale yaelekea ilikuwa chakula kikuu, na kila jamii ikakipa jina hilo kile ilichokitegemea. Mji wa Bethlehemu kwa Kiebrania unasikika kama "nyumba ya mkate" na kwa Kiarabu, Bayt Lahm, kama "nyumba ya nyama".

Kichwa ni mfano mwingine. Kiarabu ra's, Kiebrania rosh, Kiaramu resha, Kiakadi reshu na Kigeezi re's vyote ni kichwa. Kiarabu kilitengeneza ra'is, aliye kichwani, nasi tukampata rais. Ethiopia ilimpa mtawala mkubwa cheo cha ras. Mabaharia wakaita rasi ile ncha ya nchi inayoingia baharini, na wafanyabiashara wakaunganisha ra's na mal wakapata rasilimali, "kichwa cha mali".

Vyeo navyo hupanda na kushuka. Mfalme wa Kiakadi aliitwa sharru, lakini ndugu yake wa Kiebrania, sar, ni ofisa mkuu au waziri tu.

Je, "malaika" na "malkia" yanatoka mzizi mmoja?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, na linaeleweka, kwa kuwa m, l na k zimejipanga sawasawa katika maneno yote mawili.

Malkia, miliki, milki na mamlaka yanatoka m-l-k, mzizi wa utawala na umiliki: Kiarabu malik, Kiebrania melekh, Kiaramu malka. Katika Kigeezi mzizi huu ulipanda juu zaidi, kwani amlak ni Mungu, na mfalme wa kawaida akaitwa kwa neno jingine, negus. Malaika anatoka kwenye mzizi wa kutuma, l-'-k, ambao konsonanti yake ya katikati ni ule mkato wa pumzi kooni usioandikwa katika Kiswahili. Herufi m ni kiambishi tu. Kigeezi kina la'aka, "alituma", na Kiugariti kina kitenzi hichohicho; Kiebrania mal'akh ni mjumbe, awe mtu au wa mbinguni. Katika Kiarabu mkato huo ulidondoka kwenye umoja, malak, lakini ukabaki kwenye wingi, mala'ika. Waswahili wakachukua wingi wakaufanya umoja, na ndiyo maana sisi husema "malaika mmoja" bila wasiwasi.

Nitajuaje kama neno limerithiwa au limekopwa?

Kipimo cha kwanza ni sauti. Neno lililorithiwa hufuata ulinganifu uliotajwa hapo juu, na linalouvunja huwa limeingia kupitia mlango mwingine. Kipimo cha pili ni mtawanyiko: neno lililopo Kiakadi, Kigeezi na Kiebrania kwa pamoja ni vigumu kuwa mkopo, kwa kuwa matawi hayo yaliishi mbali. Kipimo cha tatu ni kuangalia kama neno lina jamaa ndani ya lugha yake. Kalamu, kwa Kiarabu qalam, ina konsonanti tatu na inaonekana Mwarabu halisi, lakini ni Kigiriki kalamos, tete. Dirhamu ni drakhme ya Wagiriki. Sirati inarudi hadi strata ya Kilatini, yaani barabara iliyosakafiwa. Kiarabu kiliyavisha maneno haya kanzu ya mizizi ya konsonanti tatu, na ukipita haraka hutayatambua.

Hata kati ya Wasemiti wenyewe mikopo ni mingi. Sala, kwa Kiarabu salat, inahesabiwa na wataalamu wengi kuwa imetoka Kiaramu, slota.

Je, kila mzizi una konsonanti tatu?

Hapana. Damu ni dam katika Kiarabu, Kiebrania na Kigeezi, na damu kabisa katika Kiakadi, na hakuna konsonanti ya tatu iliyo wazi. Mizizi mingine ina konsonanti dhaifu, w au y, inayotoweka mara kwa mara. Mfano ni m-w-t, mzizi wa mauti na maiti: Kiarabu mata, Kiebrania met, Kiakadi matu, Kigeezi mota. Mzizi huu unavuka hata mipaka ya Usemiti. Wamisri wa kale waliandika m-w-t kwa kufa, na Wahausa husema mutu, kwa sababu Kisemiti ni tawi moja la familia kubwa ya Kiafroasia, ambamo pia wamo Wasomali, Waoromo na Wairaqw wa Mbulu, Tanzania.

Kwa kuwa Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii, je, nacho ni cha Kisemiti?

Kiswahili ni Kibantu, na namna kilivyoyatendea maneno haya ndiyo ithibati. Kilipokea maneno yaliyokwisha kuundwa. Mizizi kiliiacha ng'ambo. Mwarabu akitaka "kusalimiana" hubadilisha irabu za ndani. Sisi tunalichukua salimu na kulipachikia mikia yetu ya Kibantu: salimia, salimiana, salimiwa, salimisha. Kitabu ni mfano bora zaidi. Kwa Mwarabu k ya kitab ni sehemu ya mzizi, na wingi wake ni kutub. Mswahili alisikia ki- akaichukulia kama ile ya kiti na kisu, akasema vitabu, na k ya mzizi ikatupwa bila majuto. Mstari nao ukapewa mistari, kana kwamba m- yake ni ya mti.

Nani alikuwa wa kwanza kuuona undugu huu?

Al-Khalil ibn Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alipanga kamusi ya Kiarabu kwa mizizi. Baada yake Yehuda ibn Quraysh, Myahudi wa Tahert katika Algeria ya leo, aliwaandikia Wayahudi wa Fez waraka mrefu unaolinganisha Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu, akiwasihi wasiache kusoma Kiaramu. Katika karne ya 10 Yehuda Hayyuj, aliyefanya kazi Córdoba, alionyesha kwamba vitenzi vya Kiebrania vilivyodhaniwa kuwa na konsonanti mbili au moja vina tatu, moja ikiwa imejificha. Ulaya ilifika baadaye, ingawa vitabu vingi huanza hadithi kutoka huko.

Ni kweli kwamba jina "Selassie" ni ndugu wa "theluthi"?

Ni kweli. Haile Selassie, jina alilotumia Ras Tafari alipotawazwa mwaka 1930, maana yake ni "nguvu ya Utatu", na sellase ni Utatu kutokana na tatu ya Kigeezi, salas. Kiarabu ni thalatha, Kiebrania shalosh, Kiaramu tlata. Sauti ya mwisho ya mzizi inafuata kanuni ileile ya nane: th kwa Kiarabu, sh kwa Kiebrania, t kwa Kiaramu, s kwa Kigeezi. Ya mwanzo ina kisa chake, kwani haikuwa th tangu asili. Ilikuwa ile sauti ya pembeni mwa ulimi ambayo Wamehri bado wanayo, na Kiarabu kiliigeuza th kwa kuvutwa na th ya mwisho wa neno. Kwa hiyo th mbili za theluthi yetu zina asili tofauti, na mtu wa bara anayesema "selusi" amezileta tena pamoja kwa njia ya tatu.